Ilikuwa upande wa kushoto

Mwanangu,

Ujumbe wako niliusoma juzi usiku nikitoka kukamua, nikaurudia asubuhi, na leo mvua imetufungia nyumbani hapa Molo nikaona nikuandikie badala ya kukurekodia sauti, maanake zile za sauti najua unasikiliza mwanzo tu alafu unajibu sawa mum.

Umeuliza mbona hiyo kozi yako ya udaktari wa mifugo mwaka wa kwanza wote na sasa huu wa pili ni majina ya mifupa, misuli na mishipa ya wanyama waliokufa kitambo, macho yanawasha kwa fomalini, ile dawa ya kuhifadhi maiti, usiku ni baiokemia, na hujawahi kugusa ng'ombe mgonjwa hata mmoja. Na binamu yako aliyeenda AHITI, kile chuo cha afya ya mifugo, kwa ile kozi ya miaka miwili anakaribia kumaliza, tayari anadunga sindano na watu wanamwita daktari. Ukauliza ubaki mpaka miaka mitano iishe ama uhame mapema kabla pesa zaidi haijaenda.

Hiyo ya kubaki ama kuhama tuiweke kando kidogo. Mimi nataka kwanza kukuambia habari ya Pareto, yule ng'ombe wetu aliyekufa.

Najua utasema unaijua. Wewe unajua ile ya kuhesabu matumbo yake alipopasuliwa. Ulikuwa darasa la pili, na kilichobaki kwa kichwa chako ni daktari amechuchumaa na gamboti zake anakuonyesha hili la kwanza hili la pili, na wewe bila uoga unauliza mbona hili liko na vijumba kama sega la nyuki, na hili mbona liko na kurasa kama kitabu. Mzee wa watu alikujibu yote usiku huo kwa mwanga wa tochi kama mnaongea darasani. Hiyo ndio yako. Yangu ni ya kabla hujatoka nje. Nilikuwa nimekaa juu ya ndoo nyuma ya zizi na kisu bado kiko mkononi.

Si unajua Pareto tulimnunua na pesa ya mwisho ya maua ya pareto, ndio akaitwa hivyo, akiwa mtamba, na alipozaa akatoa lita 18 kwa siku na sosaiti ya maziwa wakatushangaa. Karo ya dada yako ilikuwa ni yeye. Wiki hiyo tulikuwa tumechimba viazi, baba yako amepanda na lori kuvipeleka Kisumu, na vile vidogo visivyouzika nikawa nawamwagia ng'ombe kwa kihori vizima vizima. Kila mtu huku alikuwa anafanya hivyo, sikuwa peke yangu.

Jioni nikaona amenyoosha shingo, anakohoa, mate yanatoka kama bomba limepasuka. Nikadhani ni baridi. Saa mbili tumbo limekaza kama ngoma. Majirani wakaja, huyu anasema mafuta ya kupikia huyu anasema magadi, tukamshika kichwa tukamwagia chupa nzima mdomoni, nusu ikarudi kwa pua. Daktari nikampigia akasema anatoka Elburgon, barabara ni tope tupu, nimngoje. Nikangoja. Alafu Pareto akaanza kuyumba, ulimi nje, na mtu mmoja huko nyuma akapiga kelele mtoboe mama, mtoboe atapasuka.

Nilikuwa nimewahi kusikia kwa redio kwamba ng'ombe akijaa gesi na hakuna msaada karibu unamtoboa pale penye kishimo nyuma ya ubavu wa mwisho. Redio ilisema upande, lazima ilisema, lakini mimi upande sikuushika. Na wakati huo alikuwa amevimba pande zote mbili huwezi kujua. Sasa sikia hii maanake sijawahi kumwambia mtu, hata baba yako. Mimi tangu nianze kukamua nikiwa msichana kwa shosho yako nakaa kulia kwa ng'ombe. Ndivyo nilifundishwa, ndivyo nilikufundisha wewe. Kulia ndio upande mikono yangu inajua. Kwa hivyo nilienda kulia bila hata kufikiria, nikadunga.

Nilitegemea upepo. Wanasema ukipata mahali penyewe upepo unatoka kwa kishindo na mnyama anapumua saa hiyo hiyo. Upepo haukutoka. Ilitoka damu na maji maji yenye harufu, na Pareto akapiga magoti ya mbele kwanza, alafu nyuma, akalala.

Daktari alifika kama dakika 20 baadaye. Hakunigombeza. Alizunguka upande ule mwingine, akaweka kiganja nyuma ya ubavu wa mwisho akasema, hapa mama. Alisema mara moja tu. Ndio akampasua tujue kilichomuua, hapo wewe ukatoka nje na blanketi, na akakitoa kiazi saizi ya ngumi yako ya wakati huo kimekwama pale shingo inapoingia kifuani.

Sasa mwanangu, mimi sijasoma vitu vyako. Lakini kila unachokuja nacho nyumbani kutoka hizo hizo anatomia na fiziolojia zinazokuchosha mimi nakichukua nakipeleka usiku ule, na kila mara kinaingia mahali pake. Mwaka jana likizo ya Aprili ulichora ng'ombe nyuma ya kalenda ukanionyesha rumeni, lile tumbo kubwa la kwanza, imejaza karibu upande wote wa kushoto, na kulia ndio matumbo membamba yamejipanga. Nikasema aha. Nikaenda jikoni. Krismasi mkiwa mezani ukawaambia watu ng'ombe anatoa mate zaidi ya lita 100 kwa siku, wajomba wakacheka hawaamini, mimi nikanyamaza, ukadhani nimechoka. Nilikuwa nahesabu. Lita 100 zikikosa njia ya kushuka zitatoka wapi kama sio mdomoni? Hiyo haikuwa baridi. Na yale mafuta tuliyommwagia, yangeteremkia wapi na njia imezibwa, si labda tulikuwa tunamjaza mapafu?

Alafu ukasema gesi ile inatengenezwa saa zote, mchana na usiku, lita mamia kwa siku, na mlango wake ni mmoja tu, kubeua, kupitia koo lile lile la chakula. Na koo hilo ukashika shingo ya shosho yako kuonyesha, ukasema kwa ng'ombe njia ya chakula ikishuka shingoni inaegemea kushoto kwa bomba la hewa. Kushoto tena! Kumbe hata kile kiazi kabla hakijafika chini kabisa labda kingepapaswa kwa mkono upande huo huo wa kushoto, na mimi nimesimama kulia na kisu.

Unaniambia hayo ni majina ya kukariri tu. Mimi nakuambia kile nimekuambia tangu ukiwa mdogo, jua kiko wapi kwanza ndio ushike. Najua mmechoka kukisikia. Nilisema kwa ile paipu ya maji baba yako alipoichimba na kuikata, nikasema kwa stima, nikasema dada yako alipoanza kushona. Jua kiko wapi kwanza.

Na usiseme hujatumia. Yule ndama tuliyetoa Rongai, nani alimshika? Ulikuwa umetoka kwa ule mtihani wenu wa kupita meza kwa meza, kengele ikilia unasonga, na ulirudi hapa umekonda unasema umefeli. Asubuhi ukaingia kwa zizi, ukampapasa chini ya sikio, ukapapasa mbele ya bega, ukasema mum hizi tezi zimevimba, huyu anaweza kuwa na ndigana. Mimi nilikuwa naona ndama anakula. Ukanieleza kupe wa ndigana anapenda sikio, na yale maji ya mwili yanayotoka sikioni yanapita kwa tezi ile ya chini yake kwanza, ndio inavimba mapema kuliko zingine. Daktari akaja na kipimajoto, nyuzi 41, akadunga dawa siku hiyo hiyo. Sasa ni mtamba mkubwa. Hiyo hukuifundishwa na ng'ombe mgonjwa. Ulijua tu tezi iko wapi na inakusanya kutoka wapi.

Lakini pia ngoja, nisijifanye. Kuna upande mwingine na mimi huuona nikilala. Yule daktari na kusoma kwake kote alikuta ng'ombe amekufa. Alijua kushoto lakini alikuwa Elburgon. Na huyu mzee wetu wa ng'ambo ya mto hajui hata kuandika jina lake na amegeuza ndama tumboni mara nyingi kuliko mtu yeyote huku, anaitwa usiku anakuja kwa miguu. Binamu yako pia akimaliza atakuwa hapa karibu, na watu wanahitaji aliye karibu. Hapo nikifika huwa najiambia basi mtoto yuko sawa, miaka mitano ya nini.

Alafu nakumbuka yule mzee alijifunzia wapi. Alijifunzia kwa ng'ombe wa watu. Wale waliomponyoka miaka ya kwanza hakuna anayewahesabu, na walikuwa karo ya mtoto wa mtu kama Pareto. Wewe unakosea kwa mnyama ambaye ameshakufa, unakata mshipa usiofaa mwalimu anakuambia rudia, na hakuna mama amekaa kwa ndoo. Mimi hiyo naiona ni heshima kubwa sana, mtu kupewa miaka miwili ya kukosea bila kuua. Sasa si ndio nimeanza kuamua tena? Na nilisema siamui. Binamu yako pia alifundishwa mahali rumeni iko, tena mapema, simdharau, na kazi yake ni kazi. Sijui mbona nikitaka kusema mema ya moja inaonekana nasema mabaya ya nyingine.

Shida ni kwamba wewe unaenda kukutana na wengi. Ng'ombe, mbuzi, mbwa, punda, kuku, nguruwe, na ulisema mwenyewe hawafanani ndani. Ng'ombe mbavu jozi 13, farasi 18. Farasi hawezi kutapika. Kuku anapumua mpaka ndani ya mfupa wa bawa, hiyo ulituambia na paja mkononi na watoto wote wakaanza kuvunja mifupa kutafuta hewa. Uso wako wakati ule nilitamani ungeuona. Mtu anayechukia anachosoma hasimulii hivyo. Ama labda anaweza, mtu anaweza kupenda kitu na bado kikamshinda, mimi nimependa vitu vimenishinda. Usiniwekee maneno mdomoni.

Baba yako anasema Pareto angekufa hata ningemtoboa kushoto, tulikuwa tumechelewa. Daktari pia alisema maneno karibu na hayo wakati anapanda pikipiki. Labda. Nimekaa na hiyo labda miaka yote na haijawahi kunitosha. Ndio maana viazi lazima vikatwekatwe, hata usiku, hata baridi ikiwa imeshika vidole, na nyinyi mlikuwa mnalia mnasema mama fulani anatupa vizima. Nilikuwa siwezi kueleza. Sasa nimeeleza.

Kuhusu pesa usiniwekee kama sababu. Mkopo wa HELB ukichelewa uniambie mapema sio siku ya mwisho. Kama sababu ni pesa tutaongea habari ya pesa, kama ni uchovu tutaongea habari ya uchovu, kama ni wenzako wanakuonyesha picha zao na koti nyeupe, hiyo sina la kusema. Umeniambia huko mbele mkihamia kampasi ya Kabete ndio mtaanza kuona wagonjwa wenyewe. Sio mbali hivyo. Nilikuwa nimeandika hapa mstari mmoja wa kukuambia la kufanya nikaufuta, nikauandika tena, nikaufuta, kwa sababu ukibaki kwa neno langu utanikumbuka vibaya kila ukinusa fomalini, na ukihama kwa neno langu ni mbaya zaidi. Jijibu mwenyewe alafu uniambie umejibu nini. Baba yako anataka umpigie Jumapili, yeye ataamua kwa dakika mbili kama kawaida yake, wewe msikilize tu.

Huyu mtamba wa ndigana ameshika mimba, tulipandisha mwezi wa tano, hesabu mwenyewe miezi tisa na siku zake uone kama utakuwa likizo. Ukija nataka uniwekee mkono pale shingoni upande wa kushoto, polepole, mpaka na mimi nijue mahali penyewe nikiwa nimefunga macho.

Shosho anakusalimia. Anasema uulizwe tena kama ni kweli farasi hana kifuko cha nyongo, maanake yeye hajawahi kusikia mnyama mzima mkubwa hivyo hana kifuko hicho, na anataka jibu kutoka kwa mwalimu sio kwako.

Mama yako