Hesabu za safari kabla hujawatuma mashujaa wako vitani

Hadithi ya vijana wanaotumwa kuvuka ufalme wa kale ili wakomboe mateka huharibikia njiani, mapema kabla ya vita. Mwandishi anahangaika na joka na mchawi, kisha anawavusha mashujaa wake kilomita 300 kwa siku tatu bila mkate wala maji. Msomaji akishaona safari haiwagharimu chochote, hata joka halimtishi tena.

Kama ufalme wako umefuata sura ya Ulaya ya zama za kati, chora ramani kwanza, uandike umbali juu yake. Kijana mwenye afya aliyebeba kilo 10 hutembea kilomita 25 hivi kwa siku penye barabara nzuri. Kwenye tope au mlimani, weka 15 au pungufu. Na usidhani ukiwapa farasi umemaliza tatizo. Farasi hapigi mbio kutwa. Katika safari ya siku nyingi, kilomita 40 hadi 50 kwa siku zinamtosha. Anataka karibu kilo 10 za nyasi na nafaka, na lita 30 za maji au zaidi. Vijana wanne wenye farasi wanne wanahitaji lita 120 kila siku kwa wanyama tu, kwa hiyo watalala karibu na mto wapende wasipende, na wanaowasaka wanalijua hilo. Hapo umeshapata sura nzima ya kitabu.

Silaha nazo zina makosa yake. Upanga wa mkono mmoja ulikuwa na kilo 1.1 hadi 1.5, basi acha kuandika kwamba kijana anauinua kwa taabu. Kinachomshinda ni kukosa mazoezi. Deraya kamili ya mabamba ya chuma ilifika kilo 20 hadi 25, lakini uzito ulienea mwili mzima, na aliyeizoea aliweza kukimbia na kujipandia farasi. Ubaya wake ni joto, kukata pumzi na kuhitaji mtu wa kukusaidia kuivaa. Kwa safari ya siri haifai kabisa. Upinde ndio unaodanganya wengi: pinde za vita zilizopatikana katika Mary Rose, meli ya kivita ya Uingereza iliyozama mwaka 1545, zinakadiriwa kuvutwa kwa nguvu ya kilo 45 hadi 80. Msichana wako wa miaka 15 mpe upinde wa kuwindia, au mpe miaka mingi ya kufundishwa tangu utotoni, na uionyeshe.

Umri mdogo wenyewe si kikwazo. Jeanne d'Arc, msichana wa Kifaransa aliyeongoza wanajeshi, alikuwa na miaka kama 17 alipofika vitani katika mji wa Orléans mwaka 1429.

Sehemu inayopuuzwa kuliko zote ni jeraha. Mwaka 1403, katika vita vya Shrewsbury, mwana wa mfalme wa Uingereza, Henry, akiwa na miaka 16, alipigwa mshale usoni. Uti wa mshale ulichomoka, kichwa chake cha chuma kikabaki ndani, kina cha sentimita 15 hivi. Tabibu John Bradmore alipanua tundu polepole kwa vijiti alivyovizungushia kitani na kuvipaka asali ya waridi, kila kimoja kinene kuliko kilichotangulia. Kisha akatengeneza koleo nyembamba yenye skrubu katikati, akaiingiza ndani ya tundu la kichwa cha mshale, akaikaza hadi ikashika, akavuta huku akikitikisa taratibu. Jeraha akalisafisha kwa divai nyeupe, na kulitibu kukachukua karibu siku 20 zaidi.

Soma tena aya hiyo ukiwa na hadithi yako mkononi. Huyo alikuwa na tabibu wa kifalme, kitanda na asali. Shujaa wako yuko msituni, na bado anatakiwa kuruka ukuta kesho kutwa! Akichomwa mkuki begani siku ya sita, mkono huo hauwezi kupanda kamba siku ya nane, hata awe jasiri namna gani. Amua kabla hujaandika: nani atabeba mzigo wake, kundi litashuka hadi kilomita ngapi kwa siku, na mkate waliouhesabia siku kumi utaisha wakiwa wapi. Halafu rudi kwenye ramani, usogeze ngome karibu au umwache majeruhi kijijini, pamoja na mmoja wa kumlinda.