Fundi wa magari haagwi kwa "alikuwa mcheshi"

Jumatatu usiku niliandikiwa na dada mmoja wa mtaa wa Umoja, Nairobi. Baba mkwe wake, fundi wa magari kule Grogan, mtaa wa gereji Nairobi, kwa zaidi ya miaka 40, anazikwa Ijumaa. Kamati ya mazishi imemtwika yeye kuandika wasifu wa kusomwa mazishini kwa kuwa "ndiye aliyesoma". Akanitumia alipofikia: alizaliwa, akasoma hadi darasa la saba, akaja Nairobi, akaoa, akajaliwa watoto wanne, alikuwa mcheshi, alipenda watu na kazi yake. Anauliza aongeze nini.

Dada, pole kwa msiba. Sasa futa "mcheshi" na "alipenda watu" tuanzie hapo. Maneno hayo husomewa kila marehemu, hata yule aliyekuwa akikimbiza watoto wa jirani na rungu. Na sisi wa gereji tumeagwa hivyo mno. Mwalimu akifa, shule zote alizofundisha zitatajwa pamoja na miaka yake. Karani atasomewa vyeo. Fundi aliyelala chini ya magari ya watu miaka 40 ataambiwa "alijihusisha na magari". Alijihusisha! Kama mtu aliyekuwa akipita tu njiani.

Kesho usianze na ndugu sebuleni. Nenda Grogan. (Ramani inasema Barabara ya Kirinyaga, lakini jaribu kuwauliza mafundi kwa jina hilo uone.) Fika kati ya saa mbili na saa tatu asubuhi kabla magari hayajajaa, ama ungoje chai ya saa nne. Ukifika saa sita utamkuta mtu mikono yote miwili imo ndani ya giaboksi, atakujibu kwa mguno. Tafuta wanne: kijana wa spana, yaani msaidizi wake, aliyekaa naye muda mrefu kuliko wote, muuza spea aliyekuwa akimkopesha, mama wa kibanda cha chakula, na fundi jirani waliyekuwa wakinyang'anyana wateja. Huyu wa mwisho usimruke. Mshindani hasifu bure, kwa hiyo akitoa sifa iandike neno kwa neno.

Usiulize "alikuwa mtu wa aina gani?" Utajibiwa "mtu mzuri sana" na utarudi Umoja na mistari yako ile ile. Uliza: gari gani lililetwa kwake likiwa limeshinda wengine? Gari likichemka, alianza kushika wapi? (Kila fundi ana mwanzo wake: kuna wa feni, kuna wa mipira ya maji, kuna anayechomoa kijiti cha oili kwanza.) Alisema nini alipofungua boneti akakuta kazi mbovu ya fundi mwingine? Spana gani hakuwahi kumwazima mtu? Hiyo ya mwisho nina hakika ni namba 10, lakini uliza, maana jibu litakuja na kisa.

Kinachosumbua familia nyingi ni miaka. Mama anasema alianza kazi "zamani za Kenyatta", mtoto mkubwa anasema 1983. Tafuta picha za zamani, kisha usimtazame marehemu, tazama namba ya gari aliloegemea. Namba zenye herufi ya mwisho (kama KAA 001A) zilianza na KAA mwaka 1989. KBA ikaja 2007, KCA 2014, KDA 2020. Akiwa kando ya Peugeot 504 yenye herufi tatu na tarakimu tatu bila herufi ya nyuma, gari hilo lilisajiliwa kabla ya mfumo huo. Ila hapa watu hukosea: namba hukuambia mwaka ambao picha haiwezi kuutangulia, haikuambii mwaka iliyopigwa. 504 iliyosajiliwa 1980 ilikuwa bado ikiletwa gereji 1998. Kwa hiyo tafuta na kitu cha pili humo humo pichani, kalenda ya ukutani kwa mfano, au mtoto unayejua umri wake.

Wazee nao huhesabu kwa Safari Rally. Ukiambiwa "alianza mwaka ule Joginder alishinda", weka kalamu chini kwanza. Joginder Singh alishinda mara tatu: 1965, 1974 na 1976. Uliza alikuwa na gari gani. Akisema Volvo, ni 1965. Akisema Lancer, bado una miaka miwili ya kuchagua. Shekhar Mehta ni mgumu zaidi, ana ushindi tano, 1973 kisha 1979 hadi 1982 mfululizo. Hapo rudi kwa picha.

Kama alifanya mitihani ya ufundi ya serikali, vyeti vitakuwa kwenye bahasha moja na kadi za kliniki za watoto. Gredi ya 1 ndiyo ya juu, ya 3 ndiyo ya kuanzia. Nimesikia wasifu uliosema "alipanda kutoka gredi ya kwanza hadi ya tatu", mafundi nyuma wakainamisha vichwa wasionekane wakicheka.

Sasa kazi yenyewe, na hapa usiwe bahili wa maneno. Tuseme kule Grogan wamekuambia alisifika kwa gasketi ya hedi. Uelewe kwanza maana yake: hedi ni kichwa cha injini, kile kipande cha juu, na gasketi ni bamba jembamba la kuziba kati yake na injini. Gari limechemka likipanda Limuru. Unachomoa kijiti cha oili, oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa: maji yameingia. Fundi wa haraka hufungua, huweka gasketi mpya, hufunga, hupokea pesa. Baada ya wiki mbili gari linarudi likivutwa kwa kamba. Kwa nini? Mara nyingi hakuipima hedi. Hedi ya alumini ikichemka hupinda, na jicho halioni. Unalaza rula ya chuma iliyonyooka juu yake, unajaribu kupitisha bamba jembamba la kupimia chini ya rula, wima, mlalo, kona kwa kona. Kwenye injini nyingi za Toyota pengo likizidi milimita 0.05, karibu na unene wa unywele, hedi inapelekwa Industrial Area ikachongwe. Ama alipima lakini akakaza boliti ovyo. Boliti za hedi hukazwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu, zote zipate kidogo kwanza ndipo zirudiwe, na kukaza huko ni kwa kipimo, kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), wala si kwa nguvu za mkono. Ukianza na za pembeni ukazimaliza kabisa, gasketi haikandamizwi sawasawa, na maji hupata njia.

Yote hayo huyasomi kaburini. Unayajua ili uweze kuandika sentensi moja: "Baba hakufunga hedi bila kuipima, na mteja mwenye haraka aliambiwa akamtafute fundi mwenye haraka." Mafundi watatikisa vichwa. Shangazi kutoka kijijini, ambaye hajui hedi ni nini, naye atakuwa amemwona.

Ama pengine alikuwa wa masikio. Wapo mafundi wanaochukua bisbisi ndefu, ncha wanaigusisha kwenye pampu ya maji, mpini wanauegemeza nyuma ya sikio, injini ikinguruma, kisha wanahamia olteneta, kisha wananyoosha kidole: beringi hii. Kama alifanya hivyo, andika hivyo hivyo, bisbisi na sikio. "Alikuwa na kipaji" haitoshi.

Ukimaliza, msomee yule kijana wa spana kwa simu. Ukiandika kwamba alisafisha kabureta ya Probox umeharibu mazishi, maana Probox haina kabureta, ina sindano za mafuta. Kabureta ni za Datsun na Corolla za zamani.

Ucheshi. Mzaha ukiusimulia kwa ufupi hufa. Unataka mahali, kitu kilichokuwa mkononi mwake, na jibu lake kwa lugha aliyolitoa. Kama alisema kwa Sheng, acha Sheng. Kama ni Kikuyu au Dholuo, acha, usitafsiri, wanaoelewa watacheka na wengine watacheka kwa sababu wao wamecheka. "Alipenda utani na wateja" haichekeshi. Lakini "mteja akisema gari linalia upande wa kushoto, aliuliza kwanza kama limekula" inatosha. Na kama alikuwa fundi wa "njoo kesho asubuhi", tafadhali sana liseme. Nusu ya waombolezaji watakuwa walizungushwa na kesho hiyo. Wasifu usio na kasoro hata moja hauaminiwi, na watu watakaa wakikusubiri umalize.

Kuna mizaha ya kuacha. Ile ya gari la mteja kufanyiwa "majaribio" hadi ushago Krismasi nzima inachekesha sana matangani, lakini mwenye gari anaweza kuwa ameketi safu ya tatu. Ya madeni pia acha, hata kama muuza spea mwenyewe anaisimulia akicheka. Ukiitoa kwenye kipaza sauti inageuka dai.

Kwa upande wa nyumbani usijaze orodha ya fadhila za baba. Tafuta mtoto aliyeshika tochi. Kila fundi ana mtoto aliyeamshwa usiku kumulika chini ya gari, na akakemewa kwamba anamulika uso badala ya nati. Huyo mtoto ndiye asome sehemu hiyo, si lazima awe kifungua mimba. Na mikono: wengine hunawa dizeli kwanza, kisha sabuni ya unga iliyochanganywa na sukari, na bado weusi hubaki kwenye kucha hadi kanisani Jumapili. Mama atakuwa na la kusema kuhusu sinki na taulo. Mwache aseme.

Sasa kijitabu. Ukubwa wa A5, kurasa 8. Kurasa huenda kwa nne nne, kwa hiyo ukiongeza mbili utalipia nne. Wasifu upewe kurasa mbili, maneno 500 hadi 600, ambayo kwa usomaji wa utulivu ni kama dakika sita. Zaidi ya hapo mchungaji ataanza kutazama saa. Picha usitume kwa WhatsApp kama picha, hubanwa zikatoka na ukungu. Tuma kama faili. Picha ya upana wa sentimita 10 inahitaji kama pikseli 1200 upande huo. Wape wachapishaji kazi Jumatano, uisome Alhamisi asubuhi kabla hawajapiga nakala zote, na majina ya wajukuu yahakikiwe na watu wawili kutoka pande zote za familia. Mjukuu akisahauliwa, hicho ndicho kitakachokumbukwa.

Jambo moja ambalo hukuniuliza. Magari ya wateja yaliyobaki gereji si mali ya marehemu wala ya watoto wake. Kesho ukiwa hapo, mwombe kijana wa spana muorodheshe kila gari: namba, jina la mwenyewe, kilichofunguliwa, vipuri vilivyolipiwa. Kila gari litoke kwa sahihi, kitambulisho na nakala ya kitabu cha gari. Vifaa vyake mwenyewe, kinyume na hivyo, ni urithi. Sheria ya Urithi, kifungu cha 45, inakataza mtu kuigusa mali ya marehemu bila idhini ya mahakama, kwa hiyo shemeji anayetaka kuondoka na jeki "kama kumbukumbu" mwambie angoje. Na kabla ya kufunga sanduku la spana, muulize kijana spana zipi ni zake. Huwa zimechanganyika humo tangu siku ya kwanza ya kazi.

Sanduku lenyewe unaweza kuliweka mezani karibu na picha siku ya mazishi. Usilisafishe.