Matuta ya Banaue: umri na UNESCO

Ndugu, umeuliza kama matuta ya mpunga ya Banaue, Ufilipino, yana miaka 2,000 na kama yamo kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Banaue iko milimani, mkoa wa Ifugao, kaskazini mwa kisiwa cha Luzon. Kilichoorodheshwa mwaka 1995 ni matuta ya Batad na Bangaan, vijiji vya humo humo Banaue, pamoja na mengine ya wilaya jirani. Yale ya karibu na mji, ambayo watalii wengi huyapiga picha, hayamo! Na hiyo miaka 2,000 imerudiwa mno vitabuni, lakini uchimbaji unaonyesha huenda matuta ni ya baadaye sana. Mwanaakiolojia Stephen Acabado alichimba Kiangan, jirani tu, akaona kilimo cha mpunga wa majaruba kilishamiri baada ya Wahispania kufika, watu walipokimbilia milimani.