Toba Ina Hesabu Zake: Maswali na Majibu

Ni mweka hazina wa chama, hapa Nakuru. Mwaka jana nilichukua 12,000 za wanachama nikaongezea biashara yangu ya mitumba. Hakuna aliyejua. Sasa nimeokoka, na kila Jumapili natoa sadaka kubwa kufidia. Inatosha?

Haitoshi, dada. Pesa ni za wanachama, nawe unazipeleka kwa mtu usiyemdhulumu. Hesabu 5:6-8 ina mpangilio wake: mkosaji aungame, arudishe yote, aongeze sehemu ya tano, ampe aliyemkosea. Kuhani hupokea pale tu ambapo mwenye mali hayupo na hana jamaa wa karibu. Wanachama wako wako hai na wanakutana kila mwezi.

Kwako ni 12,000 na 2,400 juu yake, yaani 14,400. Nyongeza hiyo hainunui msamaha, maana msamaha ni wa neema, na makanisa mengi hayaidai kama sheria. Lakini ni kipimo cha haki: pesa zilikufanyia kazi huku wenzako wakikaa bila. Zakayo, yule mtoza ushuru, katika Luka 19:8, alijipandishia hadi mara nne, kiwango ambacho Kutoka 22:1 inamtoza mwizi wa kondoo aliyekwisha kumchinja au kumuuza.

Anza na daftari la chama na taarifa ya M-Pesa. Andika kila tarehe na kiasi, kwa sababu kumbukumbu ya mwenye kosa ina tabia ya kupunguza. Kisha waone mwenyekiti na katibu wakiwa pamoja. Ukimwambia mmoja peke yake, unambebesha siri. Sema “nilichukua”, si “pesa zilichanganyika”. Nenda na kitu mkononi: kwa mfano 5,400 siku hiyo, halafu 3,000 kila mwezi kwa miezi mitatu, kila malipo yakiandikwa na kutiwa sahihi. Rudisha daftari na uwaache wachague mweka hazina mwingine bila kununa.

Linaloharibu mambo mara nyingi ni machozi. Mtu analia mbele ya kikao hadi anasamehewa kabla hajataja kiasi, na miezi miwili baadaye kiasi kinapojulikana, chama kinavunjika. Taja kiasi kwanza. Wakiamua kwenda kwa chifu au polisi, hiyo ni haki yao.

Naendesha boda, Kondele. Niliangalia simu nikamgonga mama wa mayai, trei tatu zikaanguka. Nikasema ni shetani. Mchungaji akanicheka.

Alikuwa na sababu. Hawa aliposema nyoka amemdanganya alisema kweli, na nyoka alilaaniwa kweli, lakini hukumu ya Hawa haikufutwa. Yakobo 1:14 inasema mtu hujaribiwa na tamaa yake mwenyewe. Simu uliishika wewe.

Trei tatu ni mayai 90. Kaeni naye mhesabu yaliyovunjika, yaliyopata ufa na yaliyosalimika. Yaliyovunjika lipa kwa bei aliyokuwa anauzia, si ya kununulia, kwa kuwa faida ya siku yake nayo imemwagika. Yenye ufa yanaweza kuuzwa siku hiyo hiyo kwa bei ya chini, wewe ulipe tofauti.

Ng'ombe wangu alikata kamba akala mahindi ya jirani, huku Bungoma. Kamba ilikuwa nzima jioni. Nalipa?

Unalipa, kutoka mazao mazuri ya shamba lako. Ndivyo Kutoka 22:5 inavyosema. Mwite mzee wa kijiji mhesabu mashina, msikadirie kwa macho. Mahindi yenye majani matano au sita mara nyingi huchipuka tena, maana sehemu yake ya kukua bado iko chini ya udongo: subirini wiki mbili kabla ya kutaja bei. Yaliyoanza kutoa mbelewele yakivunjwa, hayarudi.

Babu alikuwa mlevi, baba mlevi, mimi pia. Mhubiri mmoja Kakamega anataka nitoe pesa avunje laana ya ukoo.

Zibaki mfukoni. Kutoka 20:5 inataja uovu wa baba kufika kizazi cha tatu na cha nne, na kweli mtoto aliyekulia penye chang'aa hurithi njaa, hofu na kiu ile ile. Ila soma Ezekieli 18 yote. Wana wa Israeli walikuwa uhamishoni Babeli, wakilalamika kwamba wanateswa kwa makosa ya baba zao. Nabii anawawekea watu watatu: baba mwenye haki, mwana mkatili, na mjukuu. Mjukuu huyo, mstari wa 14, anaona dhambi zote za baba yake na hazifanyi. Hapatajwi malipo wala mvunja laana.

Sasa, mwili wako. Kama unakunywa kila siku, usiache ghafla ukiwa peke yako nyumbani. Siku mbili tatu za kwanza zinaweza kuleta mitetemeko, kuchanganyikiwa na hata kifafa kinachoua. Nenda hospitali kwanza, useme ukweli kuhusu kiasi unachokunywa. Halafu badilisha njia ya kurudi nyumbani isipite kwa mama pima anayeuza pombe, na siku ya mshahara mkeo au ndugu unayemwamini ashike pesa.

Nilipokea 3,500 kwa M-Pesa kutoka nambari nisiyoijua, baada tu ya kuomba. Nimezitoa. Ni jibu la Mungu?

Ni kosa la kidole cha mtu. Mtumaji akiwahi kupeleka ujumbe wa muamala kwa 456, pesa huweza kurudishwa, mradi ziwe bado kwenye laini. Mtu akikupigia akizidai, usimtumie kwa maneno tu, maana matapeli hutuma ujumbe wa uongo: angalia salio lako kwanza. Wewe umeona zilikuwa za kweli, kwa hiyo nenda kwa wakala leo, ziweke tena zote 3,500, na usiziguse.