PSV 1988: ubingwa wa Ulaya kwa sare tupu?

SWALI: Shikamoo kocha. Tumebishana kijiweni hadi usiku, jamaa mmoja anasema PSV Eindhoven ya Uholanzi walibeba kombe la Ulaya 1988 bila kushinda mechi hata moja. Mi nimemwambia hiyo ni chai. Nani yuko sawa, na kama ni kweli ilikuwaje?

JIBU: Marahaba. Wewe uko sawa, ila jamaa yako hakukosea sana. PSV walishinda mechi 3 mwanzoni, walimpiga Galatasaray 3-0 pale Eindhoven (wakaenda Istanbul wakala 2-0, wakapona kwa goli moja), halafu wakamfunga Rapid Wien nje ndani, 2-1 na 2-0. Basi, hapo ndo ushindi ukaishia. Kuanzia robo fainali wamecheza mechi 5 na zote sare.

Sasa ilikuwaje, ni sheria ya goli la ugenini: jumla ya mechi mbili ikiwa sawa, anapita aliyefunga mengi zaidi ugenini. Robo fainali wanaenda Bordeaux wanatoka 1-1, wanarudi nyumbani 0-0, wamepita. Nusu fainali wanaenda kwa Real Madrid ya akina Butragueño na Hugo Sánchez, Sánchez anafunga penalti mapema, Edward Linskens anasawazisha, 1-1 tena, nyumbani 0-0 tena, Madrid nje. Jumla ni 1-1 ila goli la PSV limefungwa ugenini ndo linambeba.

Watu wanasema walipaki basi, yaani walijazana nyuma kulinda tu. Mi kama kocha nakataa kidogo, maana ukishapata 1-1 ugenini mpinzani ndo mwenye shida, yeye anatakiwa afunge, wewe 0-0 inakutosha. Ila ni hesabu ya roho mkononi, ukifungwa kimoja tu usirudishe, umetoka. Kocha wao Guus Hiddink aliweza kuicheza kwa sababu nyuma alikuwa na Koeman, beki anayepiga pasi ya mita 40 kama kiungo, pembeni yupo Gerets nahodha, na golini Hans van Breukelen. Na kumbuka nyota wao Ruud Gullit walishamuuza Milan 1987, kwa hiyo mbele hakukuwa na mtu wa kukubebea timu peke yake.

Fainali ilipigwa Stuttgart 25 Mei 1988 na Benfica, 0-0 dakika 120, na aisee haikuwa mechi tamu. Wakaenda matuta (penalti), PSV wakapiga 6 zote ndani, Benfica wakapata 5 za kwanza, ya sita ya Veloso Van Breukelen akaidaka. 6-5. Msimu huohuo walibeba pia ligi na kombe la Uholanzi, kwa hiyo usije ukasema ni timu ya bahati. Na mwezi uliofuata Koeman, Van Breukelen na wenzao wakabeba Euro wakiwa na timu ya taifa.

Na kirefu cha PSV, kama hukijui? Ni Philips Sport Vereniging, klabu ya michezo ya Philips, hao hao wa balbu na redio, ilianzishwa 1913 kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda na uwanja wao mpaka leo unaitwa Philips Stadion.

UEFA waliifuta sheria ya goli la ugenini 2021. Kwa hiyo zingechezwa leo, ile ya Bordeaux na ile ya Madrid zote zingeenda dakika 30 za nyongeza, pengine na matuta juu.