Krotoni ya Malishoni na Krotoni ya Uani

SWALI: Ndugu Mhariri, kaka yangu anafanya kazi katika shamba la ng'ombe huko Texas, Marekani. Amenitumia picha ya mmea mfupi wa kijivu, wenye majani kama yaliyofunikwa sufi, akasema unaitwa krotoni na kwamba hufa kila mwaka. Krotoni niijuayo mimi ni ile ya uani yenye majani ya rangi rangi, na nimewahi kuambiwa kwamba hata mfurufuru wa kihambani kwetu ni krotoni. Undugu wao ni upi? Kaka yuko tayari kunitumia mbegu; je, nizipokee? — Msomaji, Pasua, Moshi.

JIBU: Ndugu msomaji, kati ya mimea yako mitatu, ule unaoitwa krotoni na kila mtu ndio usio krotoni. Ua la uani ni Codiaeum variegatum. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliliweka katika jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ya Croton mwaka 1753, wataalamu wa baadaye wakalihamisha, lakini jina la zamani likabaki midomoni mwa wauza miche. Mfurufuru, yaani Croton macrostachyus, ni krotoni halisi, na mmea wa kaka yako nao pia, ijapokuwa mmoja ni mti na mwingine ni gugu la msimu mmoja. Wote watatu wamo katika familia ya Euphorbiaceae, pamoja na muhogo na mbarika.

Kwa maelezo uliyotoa, mmea wa pichani unaelekea kuwa Croton capitatus, uliopewa jina hilo na Michaux, mtaalamu wa mimea wa Kifaransa, katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1803. Hiyo sufi unayoiona ni vinywele vyenye umbo la nyota, kila kimoja kikiwa na matawi yaliyotawanyika kutoka kitovu kimoja, navyo hufunika shina, majani na hata tunda. Vinywele vya namna hiyo ni alama inayosaidia sana kuitambua jenasi hii, kwa hiyo ukipata kioo cha kukuzia, chunguza upande wa chini wa jani changa la mfurufuru kabla hujaangalia kitu kingine chochote.

Maua yake hayana fahari yoyote, lakini mpangilio wake unastahili kutazamwa kwa makini. Hukusanyika nchani mwa shina katika kishada kilichosongamana, yale ya kiume yakiwa juu na yenye petali (majani ya ua) ndogo nyeupe, na yale ya kike yakiwa chini bila petali kabisa. Ua la kike huzaa tunda lenye vyumba vitatu, kila chumba na mbegu moja, ambalo likikauka hupasuka kwa nguvu na kuzirusha mbegu mbali na mama yake. Mbegu hizo ndizo zilizoipa jenasi jina, kwa kuwa hufanana na kupe, na neno la Kigiriki kroton maana yake ni kupe; na ajabu ni kwamba jina la kisayansi la mbarika, Ricinus, nalo ni neno la Kilatini lenye maana hiyo hiyo. Kaka yako aangalie jambo moja zaidi: huko Texas kuna krotoni nyingine ya mwaka mmoja, Croton texensis, ambayo maua ya kiume na ya kike huwa kwenye mimea tofauti.

Kuhusu makazi, mmea huu hupenda jua kali na ardhi kavu iliyovurugwa, hasa ya kichanga: kando ya barabara, mashamba yaliyoachwa, na zaidi malisho yaliyochungiwa kupita kiasi. Ng'ombe huukwepa kwa sababu ni mchungu na una sumu, hivyo nyasi zinapoliwa na kwisha, wenyewe hubaki na kutamalaki. Mfugaji anayeuona umetanda hana haja ya kuulaumu, maana uharibifu uliutangulia. Njiwa, kwa upande wao, huzifuata sana mbegu zake.

Mbegu usizipokee kwa barua. Kuingiza mbegu nchini kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, ambayo makao yake makuu yako Arusha, na gugu linalostawi kwenye malisho yaliyochoka lina nafasi nyingi mno za kuota katika tambarare zilizo chini ya Moshi. Mwombe badala yake picha ya karibu ya kishada cha maua, iliyopigwa kabla baridi ya huko haijaukausha mmea.