Mafundi Wanajibu: Gari Kuukuu la Fowili Kwenye Baridi Kali

Barua za safari hii karibu zote zimeandikwa baada ya asubuhi ya kwanza ya barafu. Magari yanayotajwa yamepita miaka 25, na takriban kila mwandishi ameuliza anunue nini. Mara nyingi jibu letu linaanza na kupima.

SWALI: Nina Land Cruiser HZJ75 ya dizeli. Kukiwa na joto inawaka vizuri. Kukiwa na baridi nikizungusha ufunguo nasikia "ta!" moja, halafu kimya. Mara ya sita au ya saba inashika. Nimenunua betri mpya na hali ni ileile. Ninunue stata nzima?

Usinunue bado. Weka multimita kwenye terminali za betri, mtu mwingine azungushe ufunguo. Kwa gari la volti 12, ikilia "ta" na volti zikabaki juu ya 12, basi umeme mkubwa haupiti kabisa, na betri ya zamani pengine haikuwa na kosa. Zikishuka chini ya 9.6, umeme unapita ila kuna mzigo: betri imechoka, stata inakwama, au injini ni nzito kuzunguka kwa sababu ya oili nene.

Kisha pima waya mwembamba unaoingia kwenye solenoidi, swichi kubwa iliyo juu ya stata ambayo wengi wanaiita otomatiki. Wakati wa kuwasha uwe na volti zinazokaribiana na za betri. Ukikuta 8 tu, swichi ya ufunguo imechakaa ndani au waya umeliwa na kutu. Hapo funga rilei ya ampea 30 au 40 ipeleke umeme moja kwa moja kutoka betri, swichi ibaki na kazi ya kuiamrisha rilei.

Waya huo ukiwa mzima, twende ndani ya solenoidi. Stata za Denso za magari haya zina vipande viwili vya shaba na kisahani cha shaba kinachovutwa ili kuviunganisha. Kila unapowasha, cheche hula shaba kidogo, na kipande cha upande wa betri huliwa haraka zaidi. Kwenye joto kisahani bado kinagusa kwa shida. Kwenye baridi volti za betri hushuka, koili inavuta kwa unyonge, na kisahani kinaishia kupapasa tu bila kugusa sawasawa. Ndiyo hiyo "ta" yako.

Toa waya hasi wa betri kabla ya kushika spana, maana waya mnene wa stata hauna fyuzi. Teremsha stata, fungua bolti tatu ndogo za kifuniko cha nyuma cha solenoidi, na utaona kipande kimoja kimechimbika kama ngazi. Badilisha vyote viwili pamoja na kisahani chake, kwa sababu kisahani chenye makovu kitaharibu shaba mpya mapema. Kabla ya kukaza nati, sukuma kisahani kwa kidole na uangalie kama kinagusa pande zote mbili kwa wakati mmoja. Upande mmoja ukitangulia hata kwa nusu milimita, utarudi palepale baada ya wiki chache. Na usikaze kwa hasira, bolti ile ya shaba hukatika.

Kuna HZJ75 za volti 12 na za volti 24. Soma kibati cha stata kabla ya kuagiza chochote.

SWALI: Injini inazunguka kwa nguvu asubuhi lakini haishiki. Moshi mweupe unatoka, na baada ya dakika nzima inawaka kwa kutetemeka. Hita plagi au nozeli?

Moshi mweupe ni dizeli iliyofika ndani ya silinda ikakosa joto la kuwaka. Kama kusingekuwa na moshi kabisa, tungesema dizeli haifiki. Kwa hiyo anza na hita plagi, vile vijiti vinavyopasha silinda kabla ya kuwasha, hasa kama injini yako inachomea kwenye chumba kidogo cha pembeni kama 1HZ, injini ya HZJ75. Chumba kile kinanyonya joto la hewa iliyobanwa, na bila plagi injini haina pa kuanzia. Injini zinazopuliza dizeli moja kwa moja juu ya pistoni, kama 300Tdi ya Land Rover, huvumilia plagi mbovu zaidi.

Ondoa kibati kinachounganisha plagi zote, la sivyo utapima zote kwa pamoja na kudanganyika. Pima kila moja kutoka kichwa chake hadi bodi ya injini. Nzima huonyesha kati ya nusu omu na omu 2 hivi. Iliyokufa haionyeshi kitu. Multimita ya bei ndogo ina makosa yake: gusanisha nyaya zake kwanza, uone inasoma ngapi, kisha utoe kiasi hicho.

Zikiwa nzima zote, pima kama umeme unafika kwenye kibati ufunguo ukiwa kwenye taa ya kupashia. Rilei ya hita plagi hufa kimyakimya, na taa ya dashibodi huendelea kuwaka na kuzima kama vile kila kitu ni kizima. Taa ile haijui lolote kuhusu plagi.

Kuzitoa kunataka subira. Pulizia mafuta ya kulegeza kutu jioni, kisha zifungue plagi injini ikiwa na joto. Ikikataa, irudishe robo mzunguko, uilegeze tena, uirudishe tena. Ikikatikia kwenye kichwa cha injini, kazi ya nusu saa inakuwa ya kufungua kichwa. Na soma volti zilizoandikwa kwenye plagi yenyewe: ya volti 6 ikifungwa kwenye mfumo unaopeleka 12 moja kwa moja itaungua mara moja, ingawa uzi na urefu wake vinalingana.

Plagi zikiwa sawa na shida ikabaki, jaribu hivi: kabla ya kuwasha, bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya chujio la dizeli mpaka iwe ngumu. Gari likishika haraka siku hiyo, basi hewa inaingia usiku na dizeli inarudi tangini. Ringi za mpira zilizozeeka hunywea kwenye baridi, zikapitisha hewa bila kudondosha tone. Ringi ya kikombe cha chujio na ya skrubu ya kutolea maji ndizo za kubadilisha kwanza.

Dizeli yenyewe pia ina nta. Ile ya majira ya joto inaweza kuanza kuwa na ukungu karibu na nyuzi sifuri, na nta huziba chujio kabla ya kuganda tangini. Dawa ya kuzuia kuganda inatiwa kabla. Nta ikishajitokeza, dawa hiyo haiiyeyushi. Mwagia chujio maji ya moto au badilisha chujio na ulijaze dizeli ya majira ya baridi. Petroli msitie. Pampu ya mzunguko hulainishwa na dizeli yenyewe, na petroli huondoa ulaini huo, mbali na hatari ya moto. Na moto wa wazi chini ya tangi, hapana.

SWALI: Hita ya ndani inatoa hewa ya uvuguvugu hata baada ya kilomita 20. Rejeta imejaa.

Termostati, kile kizibo kinachofunguka maji yakipata joto, imebaki wazi. Washa injini ikiwa baridi na ushike hosi ya juu ya rejeta. Ikianza kupata joto polepole tangu dakika za mwanzo, ni hiyo. Inatakiwa ibaki baridi kwa muda, kisha ipate joto ghafla. Ukifungua kuibadilisha, tia kulanti nusu kwa nusu na maji yasiyo na chumvi. Mchanganyiko huo huvumilia hadi karibu nyuzi 37 chini ya sifuri. Kulanti tupu si bora zaidi, huganda mapema kuliko mchanganyiko.

SWALI: Kila duka la spea wananiuliza "ni ya mwaka gani?" Nikiwaambia, wananipa kitu kisichoingia. Gari limeshaacha kutengenezwa. Nitafuteje?

Mwaka hausaidii sana. Magari haya yalibadilishwa katikati ya mwaka, na lako pengine limeshabadilishwa kitu na mwenye gari wa kwanza. Enda na namba ya chesi na msimbo wa modeli ulio kwenye kibati ndani ya boneti. HZJ75 yenyewe inasema mengi: HZ ni injini, J ni ukoo wa Land Cruiser, 75 ni umbo la chesi ndefu. Kwa namba ya chesi katalogi hutoa namba ya spea, na namba ya spea ndiyo unayotafutia. Kwa Toyota kwa kawaida ina tarakimu au herufi 10, tano na tano. Tano za mwanzo hutaja aina ya kitu: 90311 ni oili sili, 90915 ni chujio la oili. Ukiambiwa namba imekufa, uliza iliyoirithi. Mara nyingi ipo, kwa sababu kitu kilekile kiliendelea kufungwa kwenye gari jingine.

Spea nyingine hazihitaji jina la gari hata kidogo. Beringi ina namba ubavuni: 6303 ni milimita 17 ndani, 47 nje, 14 unene, iwe ya alteneta au ya mashine ya kusaga. Angalia na herufi zinazofuata. 2RS ina mpira pande zote mbili, ZZ ina kibati, na C3 ina ulegevu zaidi wa ndani unaohitajika pale panapopata joto. Muuzaji akikupa 6303 tupu badala ya ya C3 kwa alteneta, mrudishie.

Oili sili nayo huandikwa vipimo: 45x62x9 maana yake shafti ni 45, tundu 62, unene 9. Herufi zikifutika, pima shafti na tundu kwa kalipa. Usipime sili ya zamani, imeshapanuka. Kuhusu mpira, wauzaji husifia ule wa kahawia, FKM, kwamba ni wa hali ya juu. Kwa joto ni kweli. Lakini FKM ya kawaida huanza kukakamaa karibu na nyuzi 20 chini ya sifuri, na midomo yake haifuati shafti. Kwa difu na hab (kitovu cha gurudumu) kwenye baridi kali, mpira wa kawaida wa NBR unafaa zaidi.

Yunivaso ya propela shafti pima kipenyo cha kikombe na urefu kutoka kikombe hadi kikombe. Angalia pia kama pete za kufungia zinakaa nje au ndani. Fenibelti pima upana wa juu na urefu. Cha kununua kwenye magari yaliyochinjwa ni vyuma: kesi ya transfa, nakoli, mikono ya stelingi. Mpira uliotumika, hosi na sili usinunue hata ukipewa kwa bei ya kutupa.

SWALI: Mkono wa fowili unaingia, taa inawaka, lakini magurudumu ya mbele hayavuti. Hab ni za kufunga kwa mkono. Majira ya joto yalivuta.

Fungua hab. Tunatabiri utakuta grisi ya beringi imejazwa mpaka juu na mtu aliyedhani anaihurumia. Grisi ile ikipigwa na baridi inakuwa kama nta, na pete ya meno haisogei mpaka mwisho. Meno yakishika nusu yatasagika siku utakayohitaji nguvu. Osha kwa mafuta ya taa, kausha, pakaa utando mwembamba tu. Grisi nyingi iende kwenye beringi. Ukiona kutu ya rangi ya chungwa ndani, kuna maji yaliyoingia yakaganda: badilisha ringi ya mpira ya kifuniko.

Ukiwa chini, angalia na difu. Fungua kizibo cha kujazia kabla ya kile cha kutolea, daima. Utajisikiaje oili ikiwa sakafuni na kizibo cha juu kimegoma? Oili ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia kupitia kipumulio: difu yenye joto ikizama kwenye maji ya theluji hunywea na kuvuta. Badilisha oili, kisha peleka kipumulio kwa hosi hadi juu kwenye boneti. 75W-90 huzunguka kwa wepesi asubuhi kuliko 80W-90. Ila kwa giaboksi yenye sinkronaiza za shaba nyeupe au nyekundu fuata kitabu, kwani si kila oili ya daraja la GL-5 inayoifaa.

SWALI: Paipu ya breki ya nyuma imeliwa na chumvi ya barabarani. Nimepata paipu ya shaba na nikeli ya milimita 4.75. Fundi anasema nati zinafanana, zitaingia.

Zitaingia mizunguko miwili, kisha zitakata uzi. M10x1 na inchi 3/8 zinakaribiana kipenyo lakini uzi si mmoja, na magari ya Uingereza ya zamani hutumia ule wa inchi. Nati iingie kwa vidole mpaka karibu mwisho. Angalia pia mdomo wa paipu: kuna uliokunjwa mara mbili kama faneli na kuna wenye kitunguu. Ukichanganya, itavuja kwa shinikizo hata ukikaza vipi. Paipu yenyewe ni nzuri kwa chumvi. Ikiwa ya upande mmoja imeoza, ya pili iliyopita pembeni yake kwenye chesi nayo iko karibu kuoza, ifungue siku hiyohiyo ukiwa tayari umemwaga mafuta ya breki.